Maswali ya Wasomaji: Tawi likizimika usiku, utajuaje?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni afisa TEHAMA wa SACCOS yenye makao makuu hapa Tanga mjini, Chumbageni, na matawi matano: Muheza, Pangani, Korogwe, Lushoto na Horohoro. Idara nzima ni mimi peke yangu. Makao makuu tuna faiba na seva mbili. Matawi yote yanatumia ruta za MikroTik zenye laini ya 4G, na kila tawi lina swichi, UPS, printa, mashine ya kurekodi kamera na kompyuta kama sita. Kwa sasa tawi likizimika najua pale meneja anaponipigia simu, tena wakati huo wateja wameshajaa kaunta. Bodi imekubali tuweke mfumo wa kufuatilia mtandao na seva. Muuzaji ametuletea bei ya PRTG, kijana niliyesoma naye anasema Zabbix ni ya bure, na fundi aliyenitangulia aliacha ushauri tutumie The Dude, programu ya MikroTik wenyewe, kwa kuwa ruta zao tayari tunazo. Nichague upi?
Msomaji, Chumbageni

JIBU: Marahaba baba. Kabla ya programu, nikusimulie safari moja ya wakati nikiwa bado kazini.

Tulikuwa na ofisi nane mkoa huu. Seva ya ufuatiliaji ilikaa hapa mjini, inapiga pingi kila kifaa kila dakika, yaani inatuma pakiti ndogo ya kuuliza kama kifaa kipo hewani na kungoja kijibu. Usiku mmoja wa masika, saa tisa, simu yangu ikaanza kutetema: ruta ya Lushoto haipatikani, swichi ya Lushoto haipatikani, printa, kamera, UPS, ujumbe kumi na nne kwa mpigo. Nikasema radi imepiga, maana kule milimani radi si jambo geni. Nikatia ruta ya akiba kwenye begi, alfajiri nikaondoka. Muheza, Korogwe, Mombo, nikapanda zile kona za Soni, nikafika Lushoto ukungu ungali umeshika miti. Mlinzi akafungua. Taa zote za swichi zilikuwa zinacheza. Karani akawasha kompyuta, intaneti ikafunguka bila shida. Kilichokufa ni njia ya VPN, ile njia ya siri inayounganisha ofisi juu ya intaneti, na ilikufia upande wetu wa mjini, kwenye chumba kilichopakana na ofisi yangu. Lakini lililoniuma kuliko safari ni kwamba kwa saa zote zile hatukuwa na kipimo hata kimoja kutoka Lushoto. Meneja aliponiuliza kama umeme ulikatika usiku ule, sikuwa na la kumjibu.

Tangu siku ile, mtu akinionyesha mfumo wa ufuatiliaji simuulizi una grafu ngapi. Namuuliza: laini ikikatika, nani anaendelea kupima kule tawini, na vipimo vyake vinakaa wapi mpaka laini irudi? Kwa ofisi moja swali hilo halina uzito. Kwa ofisi sita zinazoshikwa na 4G, ndilo litakalokuchagulia.

Kwa hali yako mimi ningechukua Zabbix. Si kwa sababu ya neno bure, hilo nitalirudia. Zabbix inatengenezwa Riga, Latvia. Aliyeianzisha ni Alexei Vladishev na ilitolewa kwa umma mwaka 2001. Ina kitu kinaitwa proksi, programu ndogo inayokaa kwenye kompyuta moja ya tawi. Proksi ndiyo inayopiga pingi ruta, swichi na printa za pale pale, inaandika majibu kwenye hifadhidata yake, kisha inayatuma makao makuu. Laini ikikatika inaendelea kupima na kuandika. Laini ikirudi inatuma yote, na kila kipimo kina saa yake ya kweli. Kwa mfumo huo ningemjibu yule meneja wa Lushoto kwa dakika na sekunde.

Hapa wengi wanateleza. Kwenye faili la mipangilio la proksi kuna mstari unaitwa ProxyOfflineBuffer, na ukiuacha ulivyo, proksi inatunza saa moja tu ya vipimo ambavyo havijatumwa. Laini ya Pangani ikikatika Ijumaa jioni ikarudi Jumatatu, utapata saa moja ya mwisho na mengine yote yamekwenda. Mstari huo unaruhusu hadi saa 720. Mimi huweka 96, zikatosha wikiendi ndefu ya sikukuu.

Faida ya pili inahusu hizo laini zako za simu. Mtoa huduma wa 4G kwa kawaida huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kwa hiyo huwezi kubisha hodi tawini kutoka Chumbageni. Proksi ikiwekwa katika hali ya kuanzisha mawasiliano yenyewe, ndiyo inayopiga simu nyumbani, kwenye mlango 10051 wa seva yako. Tawi halihitaji anwani ya umma. Inayohitaji ni makao makuu peke yake, na kwenye faiba unaweza kuiomba kwa mtoa huduma wako. Juu ya hapo weka WireGuard, aina ya VPN ambayo RouterOS, programu endeshi ya ruta za MikroTik, toleo la 7 inayo tayari, na uweke keepalive, ujumbe mdogo wa kusema bado nipo, ya sekunde 25 ili njia isifungwe na mtoa huduma ikikaa kimya.

Halafu kuna bando. Pingi moja ya kawaida ni baiti 84 kwenda na 84 kurudi. Zabbix hupiga tatu kwa kipimo kimoja, yaani baiti 504. Kwa vifaa kumi, kila dakika, siku nzima, ni kama megabaiti 7. Kwa mwezi ni zaidi ya megabaiti 200 kwa kila tawi, hizo ni pingi tupu, bado hujauliza chochote kingine. Ukiwa na proksi, pingi zote zinazunguka ndani ya tawi na kinachosafiri ni majibu.

PRTG nayo ni kazi nzuri ya Wajerumani wa Paessler, sitaki uone naidharau. Ina vituo vya mbali vinavyofanya kazi inayofanana na ya proksi, na mtu mmoja anaweza kuisimika ikafanya kazi kwa siku moja, jambo ambalo kwenye Zabbix hulipati. Seva yake inataka Windows. Bei yake inahesabiwa kwa vihisi, na kihisi ni kipimo kimoja, si kifaa kimoja. Toleo lake la bure linaruhusu vihisi 100. Hesabu tawi lako moja: ruta vihisi vinne, swichi yenye milango minane inayotumika pamoja na pingi yake tisa, UPS vitatu, mashine ya kamera viwili, printa viwili. Jumla ishirini. Mara matawi matano ni mia, na hujagusa seva zako mbili ambazo ndizo roho ya SACCOS. Kwa hiyo mwambie muuzaji akupe bei ya vihisi utakavyokuwa navyo baada ya miaka mitatu, ukiwa na matawi manane. Bodi ikiiona hiyo bei ikasema sawa, na wewe unajua hutapata muda wa kujifunza Linux, ambayo seva ya Zabbix inaihitaji, nunua PRTG na ulale.

The Dude seva yake inakaa ndani ya ruta yenyewe, haina gharama, na ramani yake inapendeza. Itumie kama ramani ya fundi. Kumbukumbu za mwaka mzima, za kumwonyesha mkaguzi kwamba tawi lilikuwa hewani siku ngapi, singeziweka huko. Utasikia pia majina mengine mawili ya mifumo ya aina hii. LibreNMS ni hodari wa kugundua vifaa peke yake, lakini ukitaka kuigawa matawini, kila kituo kinahitaji kuifikia hifadhidata ya makao makuu muda wote, na laini ya namna ya Horohoro haikuahidi hilo. Nagios mipangilio yake ni mafaili ya maandishi. Niliitumia miaka mingi kwa moyo safi, ila kwa mtu aliye peke yake leo singeanzia pale.

Sasa umeme, na hapa nakuomba usome taratibu, maana kwa uzoefu wangu ndiko yanakotoka mengi ya yale tunayoyaita matatizo ya mtandao.

Mfumo ukikuambia Muheza haipatikani, hujaambiwa chochote. Unataka kujua ni laini, ni umeme, au ni kifaa. UPS yenye kadi ya mtandao au waya wa USB itakuambia imehamia kwenye betri saa ngapi. Kama UPS zako ni zile za kawaida zisizosema na mtu, tafuta akses pointi kuukuu, kile kifaa cha kurusha Wi-Fi, ichomeke ukutani moja kwa moja, nje ya UPS, na proksi iipige pingi. Ruta, swichi na proksi ziko kwenye UPS. Akses pointi ikipotea na ruta ikabaki, umeme umekatika. Hakuna kifaa kingine kwenye mtandao wako kitakachokupa habari kubwa hivyo kwa gharama ndogo hivyo. Ujumbe utafika makao makuu kabla betri haijaisha. Baada ya dakika ishirini tawi zima likiwa giza, wewe tayari una sentensi kamili mkononi: umeme ulikatika saa nane na dakika kumi, betri ikaisha saa nane na nusu.

Kuna tawi nililolihudumia likizimika Jumamosi mchana, wiki mbili mfululizo. Tulibadilisha ruta, tukabadilisha laini. Nilipoweka kile kifaa cha ukutani, Jumamosi ya tatu kikanionyesha kwamba kinachotangulia kukatika ni umeme. Nikampigia jirani wa tawi, akasema kwake upo. Uniti za LUKU zilikuwa zinaisha, na aliyekuwa na jukumu la kununua alikuwa hafanyi kazi Jumamosi. Siku hizi kwenye orodha ya tawi naandika namba ya mita ya LUKU karibu na anwani ya ruta, ili anayepokea ujumbe aweze kununua umeme papo hapo kwa simu yake.

Kuhusu ujumbe wenyewe: usiutume kwa njia ile ile unayoilinda. Telegram ni nzuri, lakini faiba ya Chumbageni ikikatika, ujumbe wa kukuambia faiba imekatika utabaki ndani ya seva. Zabbix inajua kutuma SMS kupitia modemu ya GSM iliyochomekwa kwenye seva. Tia humo laini ya mtandao tofauti na mtoa faiba wako, na salio la modemu liwe na mwenyewe, kama ile LUKU. Na usikubali kuwekewa seva ya ufuatiliaji Ulaya kwa sababu ni rahisi kukodi. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika, intaneti ilizorota nchi nzima na kwa majirani. Siku kama hiyo seva iliyoko Ulaya ingeona matawi yako yote ni mgonjwa, na wewe ungeanza kumtafuta daktari Korogwe.

Weka utegemezi. Ruta ya tawi ikipotea, mfumo ukuletee ujumbe mmoja wa ruta, si kumi na nne za vifaa vilivyo nyuma yake. Ngoja vipimo vitatu vishindwe kabla ya kumwamsha mtu. Na andika kanuni moja ya nyumbani: matawi mawili au zaidi yakipotea ndani ya dakika moja, seva ipime kwanza ruta ya makao makuu, kisha lango la mtoa huduma, kisha anwani mbili za nje. Ningekuwa nayo hiyo kanuni, na njia ile ya VPN ikiwa miongoni mwa vinavyopimwa, nisingepanda Soni.

Usiishie kwenye pingi. Tawi lako la Pangani liko karibu na bahari, na chumvi ya hewani inakula viungo vya waya, hasa ule unaoshuka kutoka antena ya nje. Waya wa namna hiyo hautakufa siku moja. Pingi inapita kwa sababu ni pakiti ndogo. Pakiti kubwa za ripoti ndizo zinazoharibika njiani, na makarani wanakuambia mfumo mzito. Kwa SNMP, lugha ambayo vifaa vya mtandao hutumia kutoa hesabu zao, unaweza kusoma hesabu ya makosa ya CRC, yaani pakiti zilizofika zimeharibika, kwenye kila mlango. Ikiwa sifuri miezi yote kisha ikaanza kupanda kila siku, beba kichwa kipya cha waya na koleo lake, nenda Pangani siku ambayo hujaitwa. Mfumo wa ufuatiliaji unajilipa kwa safari za namna hiyo.

SNMP iwe toleo la 3, lenye nenosiri na usimbaji. Toleo la 2c linapitisha neno lake la siri wazi kwenye waya, na kwenye vifaa vingi neno lenyewe bado ni public kama lilivyotoka kiwandani. Akaunti ya mfumo iwe ya kusoma tu. Mfumo huu utakuwa unajua kila anwani na kila mlango wa SACCOS, kwa hiyo anayeuteka ameteka ofisi sita. Desemba 2020 ilijulikana kwamba masasisho ya Orion, mfumo wa ufuatiliaji wa SolarWinds ya Marekani, yalikuwa yametiwa programu ya kijasusi, na karibu wateja 18,000 walikuwa wameyapakua. Mlango wa Winbox, programu ya kusimamia ruta za MikroTik, 8291, usionekane kutoka nje kabisa.

Nirudi kwenye lile neno bure. Zabbix huilipii leseni, wala huhesabiwi vifaa. Unalipa kwa muda wako, na muda wako una bei. Mwombe mkurugenzi wiki tatu ambazo hutaitwa kwa ajili ya printa. Fedha iliyotengwa kwa leseni iende kwenye kompyuta tano ndogo za proksi, zenye SSD, wala si kadi za kumbukumbu, maana umeme ukikatika katikati ya kuandika kadi hizo huharibika. Iende pia kwenye modemu, na kwenye mafunzo yako. Anza na Muheza kwa kuwa ni karibu; ukikosea utafika na kurudi siku hiyo hiyo. Kaa nayo wiki mbili, futa kila ujumbe uliokuamsha bila sababu, ndipo uende Korogwe.

Na saa za ruta zote zifuate NTP, huduma ya kusawazisha saa kupitia mtandao. Ruta nyingi ndogo hazina betri ya saa. Umeme ukirudi zinaweza kuandika tarehe ya mwaka 1970, na kumbukumbu za usiku huo hazitakusaidia.

SWALI: Mama, habari za Tanga. Nina nyumba mbili za wageni Bagamoyo, moja Mji Mkongwe na moja njia ya Kaole, pamoja na duka la vifaa vya ujenzi. Ruta tatu kwa jumla, zote MikroTik. Wageni wakikosa intaneti wanaandika maoni mabaya kabla hawajaniambia. Nami ninunue mfumo kama huo wa ofisi nyingi?
Msomaji, Bagamoyo

JIBU: Habari njema, kaka. Hapana, usinunue. Kodi seva ndogo ya nje, weka Uptime Kuma, ambayo ni ya bure na ukurasa wake mtu anauelewa bila kufundishwa. Tumia aina ya kipimo inayoitwa Push: mfumo unakupa anwani ya siri, na kila ruta inaigonga kila dakika kwa ratiba iliyomo ndani ya RouterOS. Ruta ikinyamaza, Telegram inalia kwenye simu yako. Huhitaji anwani ya umma wala VPN. Nilimwonya msomaji wa Chumbageni kuhusu seva ya ng'ambo; wewe hali yako ni tofauti, kwa sababu mgeni wako anataka kufika huko huko nje, na kipimo kinachopita njia yake kinakuambia anachokiona yeye. Pale Mji Mkongwe kuta za mawe ni nene sana. Kabla hujalaumu laini, pima kwanza mawimbi ya Wi-Fi ndani ya vyumba vya nyuma.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni karani wa kaunta, tawi la Korogwe, katika ofisi ambayo inaweka mfumo wa ufuatiliaji mwezi huu. Wenzangu wanasema kuanzia sasa makao makuu wataona kila tunachoandika na kila tunachosoma. Ni kweli?
Msomaji, Korogwe

JIBU: Marahaba mwanangu. Mfumo wa aina niliyoieleza hapo juu unahesabu. Unajua mlango namba tano wa swichi umepitisha megabaiti ngapi, diski imejaa asilimia ngapi, kompyuta imewashwa saa ngapi. Hauoni ulichoandika wala hausomi ujumbe wako. Lakini ipo mitambo mingine ambayo wakati mwingine huwekwa siku hiyo hiyo, inayoandika kompyuta ipi imetembelea tovuti ipi, na ipo inayopiga picha ya skrini. Hizo ni habari nyingine, na una haki ya kuuliza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inamtaka anayekusanya taarifa zako awe na sababu halali, na wewe uijue.

Uliza kwa maandishi, kwa heshima: kinakusanywa nini, kinatunzwa siku ngapi, nani anakiona. Halafu mwombe afisa wenu wa TEHAMA jambo moja ambalo halimgharimu chochote. Kompyuta zisipewe majina ya watu. Iandikwe KOROGWE-KAUNTA-2, ili kumbukumbu za mashine zibaki za mashine, na siku ukihamia dawati jingine zisikufuate.